Tulikwenda Mombasa Kutembea Tu

Watu wa Moa huenda Mombasa kwa sababu zinazojulikana. Huenda kuzika, huenda harusini, huenda kumwuguza mgonjwa, au huenda kununua bidhaa za kuja kuuza. Mimi na mume wangu tumeishi Moa tangu mwaka 1992, tulipooana na yeye akapangiwa kufundisha shule ya msingi huku, na katika miaka yote hiyo tumevuka mpaka mara nyingi kwa sababu hizo hizo. Mara ya kwanza kuvuka bila hata moja kati ya hizo ilikuwa Septemba 2023. Nayaandika haya kwa ajili ya akina mama wenzangu waliokaa na waume zao miaka mingi, lakini hawajapata hata juma moja la kukaa nao bila kazi mkononi.

Kwa msomaji asiyepajua, Moa ni kijiji cha pwani katika Wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Kenya. Ni mahali pa mikoko, minazi na wavuvi. Jirani zetu wengi ni Wadigo, na nusu ya ndugu zao wako ng'ambo, Vanga, Lungalunga, na hadi Mombasa kwenyewe. Mimi ni Mbondei wa Muheza, lakini baada ya miaka 31 hakuna anayenikumbusha kwamba nilikuja.

Nyumba iliyonyamaza

Mume wangu alistaafu mwaka 2022. Kijiji kizima humwita Mwalimu, nami pia humwita hivyo. Tuna watoto watatu walio hai, na wa mwisho alipata kazi Arusha mwaka huo huo baba yake alipostaafu. Nyumba iliyokuwa na kelele tangu alfajiri ikanyamaza ghafla.

Akina mama, msidhani tuligombana. Ugomvi ungekuwa nafuu, maana wagombanao angalau husemezana. Sisi tulikuwa na maneno yetu machache tu: Maji yapo? Yapo. Umekula? Nimekula. Umeme umerudi? Bado. Yeye alikaa barazani na redio yake, nami nilikuwa uani na shughuli zangu. Jioni tulisali pamoja, tukalala. Mtu angetuona angesema hawa wanaishi kwa amani. Moyoni nilijua kwamba tumekuwa kama wapangaji wawili walioheshimiana.

Kikoba chetu cha akina mama kilipogawana mwezi wa Agosti, nilipata fedha kidogo ambayo haikuwa na mwenyewe. Ada za shule zilikuwa zimekwisha. Nikamwambia Mwalimu, "Twende Mombasa." Akauliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia hakuna. Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu alikuja uani mwenyewe, akasema, "Mama, kama tunakwenda, basi mimi nataka kuiona Ngome."

Wifi yangu aliposikia hakupendezwa. Aliuliza kwa nini fedha ile isinunue mabati ya jiko, ambalo kweli lilikuwa linavuja. Nilimjibu kwa heshima kwamba jiko limevuja miaka minne na litavumilia mgawo ujao, lakini kaka yake ana miaka 61. Hakuniuliza tena.

Mpakani na kwenye feri

Tulikata mapema hati zetu za kusafiria za muda. Alfajiri tulipanda bodaboda hadi barabara ya lami, na kutoka hapo tukapata gari la Horohoro. Siku hizi kituo cha Horohoro na Lungalunga ni cha pamoja, na unagongewa mihuri ya nchi zote mbili chini ya paa moja. Ofisa alituuliza tunakwenda kufanya nini Mombasa.

"Kutembea," mume wangu akajibu.

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Kutembea tu."

Yule kijana alimtazama, akanitazama na mimi, kisha akacheka na kugonga muhuri. "Nendeni, mzee," akasema. "Karibuni Kenya."

Kwenye matatu Mwalimu alinieleza habari za mpaka ule. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari kuanzia mlango wa Mto Umba kwenda bara, na kwa mstari huo Wadigo wakagawanywa, hawa huku na hawa kule. Kwa karatasi Mombasa ni ugenini. Lakini njia nzima, Msambweni, Ukunda, hadi Likoni, abiria waliongea kama jirani zetu waongeavyo, na mama mmoja aliyekaa nyuma yetu alimkaripia mwanawe kwa Kidigo kile kile ninachokisikia dirishani kwangu.

Likoni ni mwisho wa barabara, kwa kuwa Mombasa ni kisiwa. Mtu atokaye kusini kama sisi huvuka kwa feri, na aendaye kwa miguu halipi kitu. Maelfu ya watu huteremka ule mteremko pamoja, wafanyakazi, wanafunzi, akina mama na mizigo ya mboga kichwani. Watu wa pwani hatujaisahau ajali ya feri ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, iliyoua watu 272 katika maji hayo hayo. Nilisita kidogo pale kwenye bamba la chuma. Mwalimu akanishika mkono, na hakuuachia hadi ng'ambo. Mume wangu si mtu wa kumshika mkewe mkono hadharani. Sikusema neno, nikaogopa asije akakumbuka na kuuachia.

Ngome aliyoifundisha bila kuiona

Tulipanga chumba Mwembe Tayari, katika nyumba ya wageni ya kawaida, safi, yenye feni. Asubuhi tulikunywa chai kwa mahamri na mbaazi, halafu tukaenda Ngome ya Yesu polepole kwa miguu, tukipita Barabara ya Moi kwenye zile pembe kubwa za ndovu za bati zinazovuka barabara. Zilisimamishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ugeni wa kifalme kutoka Uingereza.

Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitalia aitwaye Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu, umbo lake ni kama la mtu aliyelala. Waarabu wa Oman waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaitwaa. Njaa na maradhi viliua watu wengi ndani kuliko silaha. Waingereza waliifanya gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958, na sasa ni makumbusho. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Haya yote sikuyasoma kwenye kibao. Niliambiwa na mume wangu. Kwa miaka 30 alikuwa amewafundisha watoto wa Moa habari za Wareno na ngome yao, akiichora ubaoni kwa chaki, na hakuwahi kuiona. Alipofika aliweka kiganja chake kwenye ukuta ule wa mawe ya matumbawe, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaanza kueleza. Ndani ya makumbusho kuna vyombo vilivyotolewa baharini kutoka meli ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwasaidia waliozingirwa. Alipokuwa akinieleza hayo, wanafunzi waliokuja na mwalimu wao walisogea mmoja mmoja, na hatimaye darasa zima likamsikiliza yeye. Mwalimu wao naye alisimama nyuma akiandika.

Mimi nilikaa kwenye jiwe pembeni nikamtazama. Huyu ndiye kijana niliyemkubali mwaka 1992. Nilidhani ameondoka pamoja na ile chaki.

Alasiri tulipita Mji wa Kale, katika vichochoro vyake vyenye milango ya nakshi na roshani za mbao. Hatukuwa na pa kuwahi. Tulipochoka tulikaa kibarazani, tukanywa kahawa chungu kwa kashata, tukaendelea.

Khanga na mihogo

Siku ya tatu ilikuwa yangu. Tulianzia Marikiti, kwenye viungo, nikanunua iliki na mdalasini wa kupeleka nyumbani. Kisha tukaingia Mtaa wa Biashara. Akina mama wote wanaovaa khanga wameiona ile chapa ya K.H.E., Mali ya Abdulla. Duka lenyewe liko mtaa huo, na biashara hiyo ilianzishwa na Kaderdina Hajee Essak mwaka 1887. Kwa zaidi ya karne moja wanawake wa pwani yote wamefunika watoto, wamekwenda misibani na wametuma ujumbe kwa wivu na kwa upendo kwa khanga zilizotoka hapo.

Mume wangu hajawahi kuninunulia khanga kwa kuchagua mwenyewe. Hutoa fedha, nami huchagua. Siku ile alisimama mbele ya zile khanga zilizoning'inizwa akasoma majina yote, moja baada ya jingine, kwa sauti, kama anayesahihisha madaftari. Muuzaji alivumilia. Mwishowe akaitoa doti moja ya rangi ya machungwa iliyoandikwa "Mvumilivu hula mbivu." Akanipa. "Hii ni yako," akasema. "Miaka 31." Nilicheka hadi machozi, na muuzaji naye akacheka, akatupunguzia bei.

Jioni tulikwenda Mama Ngina, pale penye mibuyu mikubwa mbele ya bahari, ambapo meli hupita karibu zikiingia bandari ya Kilindini. Ndipo watu wa Mombasa wapungiapo upepo na watoto wao. Mama aliyekuwa akikaanga mihogo alituita kwa Kimvita chake, "Ndooni!" badala ya njooni, akatupasulia mihogo, akaipaka pilipili na ndimu, akatuletea na madafu. Tukahesabu meli. Nadhani ni hapo tulipoanza kuzungumza, si juu ya maji wala umeme, bali juu ya mambo yaliyopita. Tulikumbuka chumba chetu cha kwanza Moa, kilichokuwa na kitanda kimoja na sanduku moja, na jinsi nilivyolia usiku wa kwanza kwa sababu ya mbu.

Kaburi la Nyali

Jumapili tulisali katika kanisa kuu la Kianglikana, Barabara ya Nkrumah. Lilijengwa kati ya mwaka 1903 na 1905, nalo lina kuba, hata mgeni akiliona kwa mbali aweza kudhani ni msikiti. Baada ya ibada tulivuka daraja la Nyali kwenda kuiona kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele ile iligongwa kuwaonya watu wakati wa hatari, na mtaa wenyewe mpaka leo huitwa Kengeleni.

Kutoka hapo Mwalimu alisema anataka kuona mahali pamoja zaidi, karibu na maji. Ni kaburi la Rosine Krapf.

Wasomaji wengi wamesikia habari za Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliyeandika kamusi ya Kiswahili, na aliyefika Vuga kwa Mfalme Kimweri wa Usambara mwaka 1848. Habari za mkewe husimuliwa kwa nadra. Walikuwa wamekwisha kumpoteza mtoto wao wa kwanza njiani, kule Uhabeshi. Julai 1844, miezi michache tu baada ya kukaa Mombasa, Rosine alijifungua mtoto wa kike akiwa na homa kali. Mumewe naye alikuwa mgonjwa hata kusimama ilikuwa taabu. Rosine akafa, na kichanga kikamfuata baada ya siku chache. Wamezikwa pamoja upande ule wa bara, wakitazamana na kisiwa.

Tulisimama pale. Upepo ulikuwa mzuri na bahari imetulia. Nilikuwa nikimfikiria yule mwanamke, ambaye hakuwa na mama wala dada wa kumshika mgongo, nikasikia Mwalimu anasema, "Wetu angekuwa na miaka 30."

Akina mama, mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwaka 1993 akaishi siku tatu. Mume wangu alimzika pamoja na wanaume wa kijiji, nami nikiwa ndani kama ilivyo desturi. Aliporudi alinawa mikono, akaniuliza kama nimekunywa uji. Hatukumtaja tena. Mimi nilidhani amesahau. Kwa miaka 30 nilidhani kwamba mimi peke yangu ndiye ninayehesabu umri wake.

Nikamwuliza, "Na wewe huhesabu?"

Akajibu, "Kila Machi."

Kisha akaniambia mambo ambayo sikuyajua. Aliniambia alikuwa mwepesi kiasi gani mikononi mwake. Aliniambia kwamba kila anapokwenda mnazini hupita njia ya mbali ili apite kaburini, na kwamba ni yeye ndiye anayeng'oa majani pale, nami nilikuwa nikidhani ni mwenye shamba. Hakunitajia kwa sababu aliogopa kuniumiza. Mimi sikumtajia kwa sababu hiyo hiyo. Tuliketi chini karibu na kaburi la watu wengine, tukamlilia mtoto wetu. Mlinzi mmoja aliyekuwa jirani alituona, akageuka akatazama upande mwingine. Mungu ambariki kwa adabu yake.

Jongoo wa Bamburi

Siku yetu ya mwisho tulikwenda Haller Park, Bamburi. Hapo palichimbwa mawe ya saruji tangu mwaka 1954, ardhi ikaachwa mashimo makavu ya mawe meupe, jua kali, bila hata jani. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti. Iliyokubali zaidi ni mivinje. Lakini majani ya mvinje ni magumu, yakaanguka na kukaa bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Wakaletwa jongoo. Jongoo wakayatafuna majani yale, wakayageuza mbolea, siku kwa siku, na udongo ukapatikana. Leo kuna msitu, mabwawa, twiga wanaolishwa na watoto mikononi, na viboko.

Ndipo pia alipoletwa Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa karibu na Malindi akiwa peke yake, wakati wa mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004. Alipofika alikwenda moja kwa moja kulala kando ya kobe mkubwa aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, na kwa muda mrefu hawakuachana.

Mwalimu alikaa muda mrefu akimtazama jongoo mmoja njiani. Akasema, "Mama, anajenga udongo na hana haraka." Tangu siku hiyo, nikimwuliza Mwalimu anafanya nini barazani, hunijibu, "Nafanya kazi ya jongoo." Maana yake ananisubiri tuzungumze.

Kwa akina mama wenzangu

Safari yetu yote ya siku sita iligharimu kama shilingi 400,000 za Tanzania, chumba, chakula, nauli na viingilio kwa watu wawili. Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya 15 za kwetu, kwa hiyo mtu aangalie asihesabu kwa haraka akadhani vitu ni rahisi. Tulikula mahali wanapokula wenyeji, tulitembea kwa miguu tulipoweza, na hatukununua zawadi ila viungo, khanga na halua. Kwa wanaokaa mbali na mpaka, mji uwe Tanga, au Bagamoyo, au popote. Kama hakuna fedha kabisa, nendeni ufukweni jioni na muhogo mmoja. Mambo ya kuzingatia ni machache:

Nendeni wawili. Mtoto au mjukuu akiwepo, mtazungumza juu yake tu.

Msifikie kwa ndugu. Ukifikia kwa ndugu utaingia jikoni, na mume ataingia barazani, na mtakuwa mmehamisha nyumba yenu.

Msipange mengi kwa siku moja. Sisi tulitembelea mahali pamoja au pawili kwa siku, na mengine yote yalikuwa kukaa. Yaliyotufaa zaidi yalitokea tulipokuwa tumekaa.

Mwacheni kila mmoja achague siku yake. Mimi nisingejua mume wangu anaipenda Ngome kiasi kile, wala yeye asingejua kusoma majina ya khanga.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni anasa, na kwamba fedha ya kikoba ni ya mabati. Mabati tuliyanunua katika mgawo uliofuata, na jiko halivuji. Lakini Bwana wetu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake waende kando wapumzike kidogo, wakati watu walikuwa wengi na kazi haijaisha. Kazi haiishi. Watu wawili waliolea watoto, waliozika pamoja na kula chungu kimoja miaka 30 wanastahili siku chache za kutazamana usoni.

Mwezi wa Machi uliofuata tulikwenda pamoja kwenye kaburi la mtoto wetu. Yeye alibeba jembe, nami nilibeba mche wa mlangilangi. Umeshika vizuri, na mvua za mwaka huo ziliusaidia.